Kabla hujaamini, uliza: Mmejaribu mara ngapi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndiyo usidhani nimekuja hapa kukuhubiria. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilichezea karo mkeka. Karo yote. Shilingi 31,500 ambazo shangazi yangu alinitumia kwa M-Pesa Ijumaa jioni baada ya kuuza mahindi, kufikia Jumapili usiku zilikuwa zimeisha. Na kabla hujaanza kunicheka, ngoja upate sababu ya kucheka vizuri: nilikuwa nasomea takwimu.

Sikubeti ovyo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Niliamini nina ushahidi. Kulikuwa na msee fulani mtandaoni, mtabiri wa mechi, aliyekuwa akinitumia utabiri wa mechi moja kila Jumamosi, bure kabisa. Nani anashinda, nani hashindi. Wiki ya kwanza akapata. Ya pili akapata. Ya tatu, ya nne na ya tano pia. Nikaketi kitandani pale hosteli nikapiga hesabu niliyofunzwa darasani. Kama jamaa anabahatisha tu, nusu kwa nusu, uwezekano wa kupata mechi tano mfululizo ni moja kwa 32. Hiyo ni asilimia tatu hivi. Mhadhiri alikuwa ametwambia kwamba jambo likiwa na uwezekano wa chini ya asilimia tano kutokea kwa bahati tu, lichukulie kwa uzito. Basi nikalichukulia kwa uzito. Nikalipia kundi lake la VIP, na wikendi hiyohiyo nikaweka karo.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimeshatoka chuo na ninauza vifuniko vya simu kando ya barabara, nilimpata kijana mwingine kwa kinyozi akilalamika kuhusu watabiri. Akanionyesha simu yake. Picha ya mtabiri ilikuwa ileile. Jina lilikuwa tofauti. Mechi zilikuwa zilezile, wiki zilezile. Utabiri wa wiki ya kwanza ulifanana na wangu, wa wiki ya pili ulikuwa kinyume. Yeye mkeka wake ulichanika wiki hiyo ya pili, akalaani, akatoka kundini. Mimi nilibaki kwa sababu wangu haukuchanika.

Piga hesabu nami. Tafuta watu 1,024. Nusu yao waambie timu ya nyumbani itashinda, nusu waambie haitashinda. Baada ya mechi, wasahau wale 512 uliowakosea. Waliobaki wagawe tena. Wiki ya pili wanabaki 256, ya tatu 128, ya nne 64, ya tano 32. Hao 32 wamekuona ukipata mara tano bila kukosa hata moja. Hujui lolote kuhusu mpira. Huenda hata hujui golikipa ni nani. Lakini kuna watu 32 mahali fulani ambao wako tayari kukupa karo ya shangazi yao.

Hesabu yangu ya moja kwa 32 haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa swali ambalo sikuuliza: umejaribu mara ngapi kabla ya kunionyesha hizi tano?

Niliposhindwa kulala kwa sababu ya swali hilo, nikaanza kusoma makala za kitaaluma kwa bando za usiku. Si kwa ajili ya cheti, maana cheti kilishaniponyoka. Nilitaka kujua kama wasomi wenyewe huulizana hivyo. Nikagundua kwamba swali langu la kwa kinyozi ndilo linalowakosesha usingizi watu wanaotazama nyota, wanaopima umaskini na wanaosaka chanzo cha saratani. Wengine wamelijibu vizuri ajabu. Wengine, kama mimi, walilipa kwanza.

Turudi kwa ile asilimia tano. Mwingereza Ronald Fisher aliiandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1925 kama kipimo cha kufaa: matokeo ambayo bahati tupu ingeyaleta mara moja tu kati ya 20 yanastahili kutazamwa. Hakusema ni amri ya Mungu. Lakini majarida na vyuo vilikishika kipimo hicho kama tiketi ya matatu: ukiwa nayo unaingia, ukiikosa unashuka. Sasa fikiria mtafiti aliyepima vitu 20 tofauti ambavyo, kwa kweli, havina uhusiano wowote na ugonjwa anaousaka. Uwezekano kwamba angalau kimoja kitaonekana kuwa na uhusiano ni asilimia 64. Akitoka na hicho kimoja tu, akanyamaza kuhusu vile 19, hajadanganya kwa neno hata moja. Na mtabiri wangu pia hakuwa amedanganya kwa neno hata moja.

Kuna samaki mmoja ambaye kila mwanafunzi wa takwimu angefaa kusimuliwa habari zake. Mwaka wa 2009, mtafiti Craig Bennett na wenzake huko Marekani waliweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Wakamwonyesha picha za watu wakiwa na hisia mbalimbali, wakamwuliza watu hao wanahisi nini. Samaki alikuwa amekufa. Mashine hupima maelfu ya vijisehemu vya ubongo kwa mpigo, na kwa sababu vilikuwa vingi, vichache vikaonekana kana kwamba vinafanya kazi. Samaki mfu, eti anawazia hisia za binadamu! Walifanya hivyo makusudi, kuwaaibisha wenzao ambao hawakuwa wakirekebisha hesabu kulingana na idadi ya vitu walivyopima. Walipoirekebisha wao, samaki akarudi kuwa maiti. Mwaka wa 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha.

Marekebisho yenyewe si uchawi. Njia ya zamani ni kugawa kipimo chako kwa idadi ya majaribio: ukipima vitu 20, basi kila kimoja kivuke moja kwa 400, si moja kwa 20. Mwaka wa 1995, Yoav Benjamini na Yosef Hochberg wa Israel walileta njia isiyo kali hivyo, inayokubali kwamba makosa machache yatapenya mradi ujue takriban ni mangapi. Siwezi kukuchosha na fomula. Jua tu kwamba dawa ipo, ni ya bure, na imekuwepo tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Walioinywa dawa hiyo hadi tone la mwisho ni watu wa anga. Na hapa nataka upumue kidogo ujivunie, kwa sababu sehemu ya hadithi hiyo ilianzia Pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kwa jukwaa la San Marco, lililokuwa baharini karibu na Malindi na likiendeshwa na Waitaliano. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kabisa kuundwa kwa kazi ya kutazama anga kwa miale ya eksirei. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei angani, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, vilisaidia kuwafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi si hadithi za vitabuni. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Uliza vijana kumi hapo stejini kama wanajua habari hiyo, uone.

Miaka 45 baadaye, mashimo meusi yalisikika. Tarehe 14 Septemba 2015, mashine mbili za LIGO nchini Marekani, moja Hanford katika jimbo la Washington, nyingine Livingston katika jimbo la Louisiana, zilitikisika kwa namna moja, zikipishana kwa sehemu saba hivi kati ya elfu moja za sekunde. Mikono ya kila mashine ina urefu wa kilomita nne, na mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko upana wa protoni. Mashimo mawili meusi, moja lenye uzito wa takriban majua 36 na jingine 29, yalikuwa yamegongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa.

Mtabiri wangu angekuwa ameposti ndani ya dakika tano. Hawa walinyamaza karibu miezi mitano, wakatangaza tarehe 11 Februari 2016. Walikuwa wakifanya nini muda wote huo? Mambo mengi, lakini moja kubwa lilikuwa kujibu swali letu. Mashine kama hizo hutikisika kila wakati: lori likipita, bahari ikichafuka, ardhi ikijinyoosha. Kelele ya mashine moja inaweza kufanana na kelele ya nyingine kwa bahati tu. Ni mara ngapi hutokea hivyo?

Walichofanya ni rahisi hadi unashangaa mbona hukukifikiria wewe. Walichukua rekodi za siku 16, wakaisogeza saa ya mashine moja mbele ya nyingine. Ukishasogeza saa, chochote kitakachofanana hakiwezi kuwa wimbi la kweli kutoka angani, maana wimbi la kweli hupita kwenye mashine zote mbili karibu papo hapo. Ni bahati tupu. Wakasogeza tena, na tena, mara milioni 10. Kwa njia hiyo siku 16 zikawapa kelele sawa na ya miaka 608,000. Katika miaka yote hiyo ya kelele, hakuna hata mara moja bahati ilipotoa kitu chenye nguvu kama kile cha tarehe 14 Septemba.

Mimi ningeishia hapo nikafungua soda. Wao hawakuishia hapo. Walikumbuka kwamba utafutaji wao ulikuwa umegawanywa katika makundi matatu ya mawimbi, yaani walikuwa wamejipa nafasi tatu za kubahatika. Basi wakaigawa ile 608,000 kwa tatu. Wakaandika: chini ya mara moja kwa miaka 203,000. Niliposoma sehemu hiyo usiku, nikiwa na shilingi 70 mfukoni, nilishika kichwa. Watu wamesikia mashimo meusi yakigongana, na bado wanajikata wenyewe theluthi mbili ya ushahidi kwa sababu walijaribu mara tatu!

Tukishuka kutoka angani hadi duniani, mambo huwa na matope zaidi. Twende Busia. Mwaka wa 1998, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walianza utafiti katika shule 75 za msingi eneo la Budalang'i na Funyula. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 30,000. Shule zilipangwa katika makundi matatu, na kila kundi likaanza kupewa dawa za minyoo mwaka tofauti, ili waliotangulia walinganishwe na waliongoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2004: katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walionekana kufaidika, kwa kuwa minyoo ilikuwa imepungua kijijini. Waandishi hao hao walisema wazi pia kwamba alama za mitihani hazikupanda. Liweke hilo akilini. Kuna jambo walilipima, halikutoka walivyotarajia, na bado wakaliandika.

Makala hiyo ikawa maarufu duniani. Serikali na wafadhili wakaisoma. Halafu mwaka wa 2015 watafiti wengine, wakiongozwa kutoka London, wakachapisha uchambuzi mpya wa data ileile, ambayo Miguel na Kremer wenyewe walikuwa wamewapa. Wakapata makosa ya hesabu, hasa kuhusu faida iliyodaiwa kufika hadi shule za mbali. Ugomvi ukalipuka hadi ukapewa jina: vita vya minyoo. Upande mmoja ukasema ushahidi umedhoofika. Upande mwingine ukasema ukirekebisha makosa, picha kubwa bado inasimama. Mwaka wa 2019 Kremer akapata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mwaka wa 2021 ikachapishwa makala iliyowafuata wale watoto miaka 20 baadaye: waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa na mapato ya kila saa yaliyo juu kwa asilimia 13.

Nimsadiki nani? Msimamo wangu ni huu: watoto wapewe dawa, ni za bei nafuu na minyoo si kitu cha kufuga. Lakini ile 13 naishika kwa mikono miwili, polepole, kwa sababu ukimfuata mtu kwa miaka 20 unaweza kumpima mambo mia. Na kinachonipa imani zaidi na utafiti huu wa Busia ni kwamba data ilitolewa, makosa yakaonekana hadharani, na watu wakagombana mchana kweupe. Utafiti ambao hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuukagua ndio unaonitia hofu.

Tena anayekagua si lazima awe profesa. Mwaka wa 2010, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyosema nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya uchumi wao hukua kwa wastani wa hasi 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka wa 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikuwa akifanya kazi ya darasani ya kurudia hesabu za makala fulani. Zikakataa kutoka. Akaandika barua kuomba jedwali lenyewe, akatumiwa, akakuta kwamba fomula ya Excel ilikuwa imeruka nchi tano. Yeye na walimu wake waliporekebisha hilo na mambo mengine, ile hasi 0.1 ikawa 2.2. Mwanafunzi, buda! Sina chuki na wewe uliyemaliza chuo, lakini ukiniambia hesabu za deni ni za wakubwa, nitakutajia Herndon.

Siku hizi wanauchumi wengi wanaofanya majaribio huandika kwanza, kabla ya kuona data, watapima nini na kwa njia gani. Chama cha wanauchumi wa Marekani kilifungua daftari la kusajilia mipango hiyo mwaka wa 2013. Liko mtandaoni, ni bure, na ukitafuta neno Kenya utakuta tafiti nyingi. Huenda mtaa wenu umo. Huenda wale vijana waliokuja na tableti kuuliza mama yako anatumia shilingi ngapi kwa unga, walikuwa wa mmojawapo. Swali ambalo mama hakuuliza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi kibandani, ni: mkimaliza mtatuambia mlichopata?

Hapo ndipo ninapotaka tupaze sauti. Mtu hufanya utafiti hapa kwa leseni ya NACOSTI. Vizuri. Mimi ningependa kila leseni ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili ulio wazi kwa umma: mlitaka kupima nini, mlipima mangapi, mlipata nini, na mlikosa nini. Hasa mlikosa nini. Data inatoka kwetu, kuanzia minyoo ya Budalang'i hadi damu ya wagonjwa wetu. Na sisi waandishi tusijifiche. Habari ya "utafiti wabaini" ndiyo habari rahisi zaidi kuandika asubuhi yenye baridi. Utafiti wabaini kahawa yarefusha maisha. Wiki ijayo kahawa yafupisha. Msomaji anachoka, anasema wanasayansi ni waongo wote, halafu anamwamini mjomba wa WhatsApp.

Nisieleweke vibaya hapo. Swali la mara ngapi si rungu la kupigia kila kitu unachokichukia. Kuna watu huuliza maswali makali kuhusu chanjo asubuhi, na jioni wanakunywa kitu cheusi kwenye chupa ya maji kwa sababu jirani alisema. Ukiuliza hospitali, uliza na mganga. Ukiuliza mganga, uliza na pasta anayeonyesha walioponywa kwa televisheni.

Najua kwa sababu yalitufika nyumbani. Yule shangazi aliyenilipia karo alipata uvimbe kwenye titi mwaka jana. Kwenye kundi la familia ikaingia video ya unga wa mizizi, pamoja na ujumbe kwamba umeponya wanawake watatu. Nikaandika: waliokunywa walikuwa wangapi kwa jumla? Kimya. Nikaandika tena: na wale ambao hawakupona, nani anawatengenezea video? Mjomba mmoja akajibu, "Mtoto aliyekula karo ndiye sasa anatufunza hesabu?" Lilinichoma, na ni kweli. Lakini shangazi alinipigia simu usiku huo, akaniambia tuandamane hospitalini. Ilikuwa saratani. Amefanyiwa upasuaji, na matibabu yanaendelea.

Mama yake, yaani nyanya yangu, alikufa kwa ugonjwa huohuo, na dada yake mkubwa pia. Kwa hivyo daktari akataja jeni. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazorithiwa ni kati ya asilimia tano na 10 hivi. Lakini familia kama yetu humfanya daktari aulize.

Tunajua habari hizo kwa sababu ya mwanamke mmoja mkaidi. Mary-Claire King alianza kuisaka jeni ya saratani ya matiti katikati ya miaka ya 1970 huko California, wakati wengi waliona anapoteza muda. Mwaka wa 1990, akiwa na data ya familia 23 zilizokuwa na wagonjwa 146, yeye na wenzake walionyesha kwamba iko katika kromosomu ya 17. Ikaja kuitwa BRCA1, na mwaka wa 1994 ikapatikana yenyewe. Wanajenetiki wa familia walikuwa wamejiwekea kizuizi kikali tangu miaka ya 1950: usitangaze umeona jeni hadi ushahidi uwe mara 1,000 zaidi upande wako kuliko upande wa bahati. Kwa nini wawe wakali hivyo? Kwa sababu kromosomu ni ndefu, na ukitafuta kila mahali utaona kitu. Baadaye, kompyuta zilipoweza kulinganisha jeni za maelfu ya watu kwa mpigo, kizuizi kikapandishwa zaidi. Walichukua kipimo cha Fisher, moja kwa 20, wakakigawa kwa sehemu milioni moja. Badiliko linalodaiwa kuhusiana na ugonjwa lazima livuke moja kwa milioni 20.

Na bado kuna shimo, na sisi ndio tumelitumbukia. Hesabu hizo zimefanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiko binadamu wanakotofautiana zaidi kijenetiki, lakini ndiko tulikopimwa kidogo. Mwaka wa 2020 utafiti wa Waafrika 426 tu, kutoka makabila 50, ulipata zaidi ya mabadiliko milioni tatu ya jeni ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426! Hawajai hata matatu kumi na tano za abiria 33.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii. Ukipimwa BRCA1, majibu huwa matatu: jeni iko sawa, jeni ina badiliko baya, au ina badiliko ambalo halijulikani kama ni baya au la. Jibu hilo la tatu huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi, kwa sababu hakuna wenzao wa kutosha wa kulinganishwa nao. Badiliko lako huenda ni la kawaida tu kwa watu wa kwenu, lakini kwenye kompyuta linaonekana geni.

Siku ya kuzungumzia kipimo hicho tulienda watu watatu: shangazi, binti yake aliye na umri wa miaka 24, na mimi niliyebeba faili. Daktari alieleza hayo yote vizuri, bila haraka, kwa Kiswahili. Shangazi akasikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Daktari, hao watu mlioangalia mkajua ipi nzuri ipi mbaya, walikuwa wangapi? Na wa huku kwetu ni wangapi?"

Sikuwa nimemfunza hilo. Naapa.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema wa huku ni wachache, mama. Akatwambia kuna watafiti wanaokusanya sampuli za familia kama yetu ili hesabu ijae, akatoa fomu. Binamu yangu aliisoma kurasa zote sita, jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akifanya na fomu yoyote. Akatia sahihi. Kisha akaomba kalamu tena, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MTUAMBIE MLICHOPATA, HATA KAMA NI HAKUNA.